Kushuka korongo Uswisi na mwongozaji: uvae nini, ubebe nini, uache nini nyumbani

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mombasa ambaye sasa yuko Stuttgart, anasomea uuguzi. Kaandika hivi: "Dada, wenzangu wa wodini wamenilipia kanyoning Uswisi, karibu na Interlaken, korongo la Saxeten, mwezi wa saba. Kampuni imetuma ujumbe mfupi tu, lete nguo ya kuogelea, taulo na viatu vya kubadilisha, basi. Mimi navaa hijabu, nimesuka rasta ndefu, natumia miwani, na kuogelea najua kidogo tu. Ninunue nini? Nibebe nini? Na hiyo suti yao inabana kiasi gani, maana nimeona picha nikashtuka."

Mdogo wangu, umenifurahisha kweli kuuliza mapema, kwasababu wengi hawaulizi, wanakuja tu, alafu asubuhi tunakutana pale parkingi mtu kavaa jinsi na kandambili na hana hata nguo ya pili ya kuvaa akitoka majini. Mimi ni mtu wa Tanga, niko huku milimani miaka mingi sasa, na kila kiangazi kazi yangu ndo hiyo, kushusha watu makorongoni. Kwa hiyo ntakujibu kwa kirefu, kaa na chai yako.

Kwanza uelewe unachoenda kufanya, maana nguo inafuata kazi. Kanyoning ni kufuata mto ndani ya korongo kutoka juu kwenda chini. Kuna mahali mnatembea maji yako magotini, kuna mahali mnateleza juu ya jiwe mnatumbukia kwenye dimbwi, kuna mahali mnaruka, na penye poromoko refu mnashushwa kwa kamba mmoja mmoja. Na mkishaingia, sehemu nyingi hamna njia ya kutokea pembeni mpaka mfike mwisho, ukuta huku ukuta huku. Yani ukiwa umevaa vibaya huwezi kusema subirini nikachukue kitu kwenye gari. Utakaa na kosa lako saa mbili tatu.

Sasa kosa lenyewe kubwa ni hili: watu wanavaa kwa ajili ya hali ya hewa badala ya kuvaa kwa ajili ya maji. Mwezi wa saba Interlaken jua linawaka, nyuzi 28, watu wako ziwani wanakula aiskrimu, we unaona ah leo joto sana, suti ya nini. Ila yale maji unayoingia yametoka juu mlimani, mengine ni theluji iliyoyeyuka, mara nyingi yako kati ya nyuzi 8 na 12. Bahari yetu ya Hindi pale Mombasa au Tanga haishuki chini ya 24 hata mwezi wa nane tunapolalamika baridi. Na maji yanakunyang'anya joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa ya baridi ile ile, we unasomea uuguzi haya utayajua kuliko mimi. Mtu anayetetemeka vidole vinakufa ganzi, hawezi kushika kamba vizuri, hafikiri sawasawa, anateleza. Ajali ndogo ndogo nyingi nilizowahi kuona, mtu kategua kifundo, mtu kagonga goti, zimetokea saa ya mwisho watu wakiwa wamechoka na wamepoa. Kwa hiyo karibu kila ushauri ntakaokupa hapa chini unarudi kwenye baridi.

Usinunue suti. Narudia, usinunue suti wala helmeti wala hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kwenye kamba. Hivo kampuni inakupa na ndo maana ujumbe wao ni mfupi: suti ya neoprini vipande viwili, soksi za neoprini, helmeti, hanesi ya kukaa yenye kitambaa kigumu nyuma cha kulinda makalio na suti wakati wa kuteleza, karabina, yani kile kipete cha chuma cha kuunganishia kamba, na mara nyingi viatu maalum. Asiyejua sana kuogelea anapewa na koti la kuelea. Pesa yako weka kwenye vitu vidogo vitatu vinne ntakavyokutajia, basi.

Kuhusu hiyo suti iliyokushtua. Neoprini ni mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi, vile vipovu ndo vinazuia joto lisitoke. Huku wanatumia ya milimita 5, na ni vipande viwili: cha kwanza kama ovaroli isiyo na mikono, cha pili ni jaketi unavaa juu yake, mara nyingi lina kofia yake, kwa hiyo kifuani na tumboni unakuwa na milimita 10. Watu wanadhani itawaweka wakavu. Hapana, maji yanaingia. Yanaingia kidogo, yanakaa kati ya ngozi na mpira, mwili wako unayapasha, na yale yaliyopashwa ndo yanakaa na wewe. Ule mwanzo yanapoingia shingoni na mgongoni utapiga kelele, kila mtu anapiga, baada ya dakika moja mbili inapoa hiyo hali. Lakini ikiwa suti ni kubwa, maji yanaingia na kutoka kila ukisogea, na mwili unapasha maji mapya kila mara mpaka unachoka. Ndo maana lazima ibane.

Inabana kiasi gani? Ukiivaa chuchumaa, alafu nyosha mikono juu, alafu vuta pumzi mpaka mwisho. Ukiweza yote matatu bila kuona nyota, iko sawa. Alafu shika pale mgongoni juu ya kiuno na pale kwapani, ukiona kuna mfuko wa hewa au makunyanzi makubwa, omba saizi nyingine. Shingoni ndo uwe makini zaidi, ikikukaba mpaka ukaona kichwa chepesi mwambie mwongozaji pale pale kabla hamjaondoka kwenye stoo, usione haya, sisi tunabadilisha suti kumi kwa asubuhi moja na hatuoni usumbufu.

Kuivaa nako kuna ujanja. Beba mfuko wa plastiki, ule wa kawaida wa dukani. Unavaa mfuko mguuni kama soksi, unaupitisha mguu kwenye suti, unatoka upande wa pili bila kugombana, alafu unavua mfuko unafanya mguu wa pili, na mikono vilevile. Watu wanaangaika dakika ishirini wanatokwa jasho, we umemaliza. Na vuta kwa nyama za vidole, sio kwa kucha, neoprini inachanika kwa kucha na kucha zenyewe kama ni za bandia zitabaki humo humo. Kama umebandika, zitoe au zipunguze ziwe fupi kabisa siku moja kabla. Mkiwa kwenye gari la kupanda mlimani, shusha ile suti mpaka kiunoni, usikae nayo juani imefungwa mpaka shingoni, utapata kizunguzungu cha joto kabla ya kukutana na baridi.

Ndani ya suti uvae nini. Kampuni inasema nguo ya kuogelea kwasababu ndo rahisi kueleza, ila hujazuiwa kuvaa zaidi. Mimi mwenyewe navaa legingi nyembamba ya laikra, kile kitambaa kinachovutika, na fulana ya mikono mirefu ya kubana, ile ya kuogelea. Inafunika, inateleza vizuri ndani ya neoprini, na inapunguza kuchubuka kwapani na nyuma ya magoti. Sharti moja tu, isiwe pamba. Pamba inanyonya maji, inakuwa nzito, inakaa na baridi yake juu ya ngozi, na pale inapojikunja chini ya hanesi inakuchuna. Hata chupi ya pamba na sidiria yenye waya usije nazo, vaa braa ya michezo isiyo na chuma. Kama wewe ni mtu wa kusikia baridi sana, fulana nyembamba ya sufu ya merino inafaa sana chini ya suti, sufu hata ikilowa bado inashika joto. Hiyo ndo ningeinunua kama ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, maana utaivaa na majira ya baridi huko Stuttgart.

Sasa la hijabu, na hili nataka nilieleze vizuri kwasababu najua linakuumiza kichwa na pengine huna wa kumuuliza huko. Kwa upande wa kufunika ngozi, suti inakusitiri kuanzia shingoni mpaka vifundoni, mikono yote, na ile kofia ya neoprini inafunika nywele, masikio na shingo, uso tu ndo unabaki nje. Uliza kampuni mapema kama majaketi yao yana kofia, kama hayana waulize wana kofia za peke yake. Chini yake unaweza kuvaa hijabu ya michezo, ile ya kuvaa kwa kuingiza kichwa, nyembamba, ya laikra au poliesta, pindo lake lote liingie ndani ya jaketi. Pini hapana hata moja. Mtandio wa kuzungusha hapana. Sio kwamba nakunyima, ni kwasababu ya kile chuma chenye umbo la nane tunachopitishia kamba unaposhuka. Kiko hapa mbele ya kitovu, kamba inapita humo kwa kasi, na chochote kinachoning'inia karibu nacho, kitambaa, kamba ya kofia, nywele, kinavutwa ndani na kamba na kinakwama pale pale.

Niliona kwa macho yangu dada mmoja nywele zake zilichomoka kwenye kola akainama kuangalia miguu yake, rasta moja ikaingia kwenye ile nane, akabaki ananing'inia katikati ya poromoko kichwa kimevutwa mpaka kwenye tumbo. Bahati nzuri huwa tunafunga kamba juu kwa namna ambayo mwongozaji anaweza kuilegeza hata ikiwa na uzito wa mtu, kwa hiyo nilimshusha taratibu mpaka kwenye jiwe, tukaitoa. Kichwa kilimuuma wiki nzima. Tangu siku hiyo kila mwenye nywele ndefu namkagua mwenyewe kwa mkono, nyuma ya shingo, kabla hajafunga hanesi.

Kwa hiyo rasta zako: zifunge chini, nyuma ya shingo, ikiwezekana zigawe mafungu mawili uzisuke tena uzibane, alafu ziingize zote ndani ya fulana ya kubana na juu yake jaketi. Usifunge fundo utosini. Helmeti haitakaa, itaegemea nyuma na paji la uso litabaki wazi, na hapo ndo mawe yanapogonga ukiteleza kifudifudi. Jaribu nyumbani, weka bakuli kichwani kama helmeti, ikiyumba ujue fundo liko juu mno. Na ujue kwamba rasta zikilowa zinakaa na maji masaa, utatoka korongoni umepona alafu utetemeke kwa baridi kwenye gari la kurudi. Nitarudi kwenye hilo.

Kama kinachokusumbua ni umbo, kwamba suti inachora mwili mbele ya wanaume wa kazini kwenu, hapo nakuelewa vizuri sana. Unachoweza kufanya ni kuvaa kaptura pana ya poliesta ya kufika magotini juu ya suti, alafu hanesi juu yake, na ile hanesi yenyewe ina kile kitambaa kikubwa nyuma. Mwambie mwongozaji, wengi watakubali ili mradi haina kamba zinazoning'inia. Ila gauni, burkini yenye kanzu ndefu ya juu, au sketi juu ya suti, hapo nakukatalia. Nguo pana kwenye maji yanayokimbia inajaa maji kama ndoo, inakuvuta, au inanasa kwenye gogo lililokwama chini. Burkini kama ni ya kubana, ivae ndani ya suti, ile kanzu yake ya juu iache.

Vyuma vyote acha nyumbani, au chumbani hotelini. Pete hasa. Vidole vikipoa vinasinyaa, pete inatoka yenyewe na mto hauirudishi, na ikitokea haijatoka basi inaweza kunasa kwenye jiwe au karabina huku mwili unashuka, na we muuguzi sina haja ya kukuelezea kidole kinakuwaje. Bangili, mkufu, hereni, vivyo hivyo. Kipini cha pua kama hakitoki kibandike plasta.

Miwani: njoo nayo na uifunge na mkanda wa nyuma ya kichwa ubane, ndo kitu kimoja cha kununua, ni rahisi. Unaporuka unaivua unampa mwongozaji, au unaishika kwa mkono. Ukiwa unatumia lenzi za macho, vaa zile za siku moja, beba na za akiba, funga macho ukiingia majini, na ukitoka tu zitupe, usirudi nazo Stuttgart, maji ya mto yana vijidudu ambavyo havitakiwi kukaa chini ya lenzi. Kama huoni kabisa bila miwani sema mapema, sio pale juu ya jiwe.

Miguu sasa, na hapa naomba unisikilize. Uliza kampuni swali moja: viatu vya ndani ya korongo mnatoa nyinyi au nije navyo? Ule ujumbe wao umesema viatu vya kubadilisha, hiyo inaonekana wanatoa, ila hakikisha. Wakitoa, wape namba yako na ongeza namba moja juu, kwasababu ndani kuna soksi ya neoprini ya milimita 4 au 5, na kiatu kikibana damu haiendi, vidole vinaganda haraka kuliko kama ungevaa kikubwa. Wasipotoa, chukua raba za zamani za kufunga kamba, zinazofika kwenye kifundo, soli ya mpira laini. Bonyeza soli kwa ukucha, ikikubali kidogo ni laini, itashika jiwe. Soli ngumu ya plastiki juu ya jiwe lenye ukoko wa kijani ni kama sabuni. Sandozi, kroksi, vile viatu vya ufukweni vyembamba, havifai, jiwe moja likikukanyaga kidole shughuli imeisha. Funga kamba fundo mara mbili na mabaki yake yaingize ndani. Ndani ya maji utatembea polepole, unaweka mguu katikati ya mawe badala ya juu ya mawe, mguu wote sio ncha ya vidole.

Na siku zako zikiangukia tarehe hiyo usiahirishe kama unajisikia vizuri. Pedi tu ndo haifai, inavimba maji. Tamponi au kikombe, na ubadilishe kabla hamjavaa suti. Nenda chooni pia kabla ya kuvaa, maana kuvua ile suti katikati ya korongo hakuna.

Begi la gari ndo nataka ulipe heshima. Wageni wanafikiria sana watakavyovaa ndani ya maji, mimi naangalia watakavyovaa wakitoka. Ukimaliza unatembea dakika kadhaa mpaka lilipo gari, unavua suti umelowa, upepo wa mlimani unakupiga, na mwili unazidi kupoa hata baada ya kutoka. Kwa hiyo weka hivi: nguo kavu kamili pamoja na chupi na sidiria, wengi huzisahau hizo mbili wakarudi bila, sweta nene au jaketi hata kama asubuhi ilikuwa joto, soksi kavu, viatu vingine, kofia ya sufu kwa ajili ya hizo rasta, hijabu kavu, taulo mbili, moja ya mwili moja ya nywele, na mfuko mkubwa wa plastiki wa kuweka vilivyolowa. Chupa ya chai moto. Mimi naweka tangawizi na sukari nyingi, nikiwamiminia wageni Wajerumani wanashika kikombe kwa mikono miwili hawataki kukiachia.

Alafu beba dera. Sikutanii. Pale parkingi mara nyingi hamna chumba cha kubadilishia, watu wanabadilisha nyuma ya mlango wa gari, wenzetu huku hawana shida na hilo, we utakuwa nayo. Dera pana unalivaa juu ya suti, mikono unaiingiza ndani, unafungua zipu, unavua mpaka chini, unajikausha, unavaa nguo kavu zote humo humo ndani ya dera na hamna aliyeona hata goti. Nilianza peke yangu miaka hiyo, sasa waongozaji wenzangu wawili wa Kiswisi nimewaletea madera kutoka Tanga na wanayatumia kila siku. Kanga nayo, nyinyi mnaita leso, beba moja ya kukalia kwenye siti.

Simu iache kwenye gari. Najua unataka picha, ila hizo mfuko za plastiki za kuning'iniza shingoni zinagonga kila kitu, na ni kitu kingine kinachoweza kuingia kwenye ile nane. Waulize kama mwongozaji anapiga picha, mara nyingi anapiga. Dawa yoyote unayoitegemea, inhela ya pumu, ya mzio, mpe mwongozaji mkononi, anayo pipa dogo lisiloingiza maji ndani ya begi lake, pamoja na huduma ya kwanza, kisu na blanketi la dharura. Wewe mgongoni hubebi kitu. Mafuta ya jua pakaa uso kidogo asubuhi, sio mikononi wala juu ya nyusi, yanashuka machoni na kamba inateleza. Na kula, jamani, kula. Uji, mkate na mayai, tende, saa mbili kabla. Mtu asiyekula anapoa wa kwanza.

Kuhusu kuogelea kidogo. Neoprini inaelea yenyewe, na ukivaa koti la kuelea juu hata ukitaka kuzama huwezi kirahisi. Kinachotisha watu wasioogelea ni ile sekunde ya kwanza, maji baridi yakigusa kifua pumzi inakatika, unavuta hewa kwa nguvu bila kutaka, na kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo unameza. Kwa hiyo kabla ya ruko la kwanza ingia polepole, jimwagie usoni na nyuma ya shingo, toa pumzi kwa mdomo kama unapuliza chai, subiri kama dakika moja mpaka pumzi irudi kawaida. Na kila ruko lina njia ya pembeni au kamba, una haki ya kusema hapana, mwongozaji mzuri hatakulazimisha wala hatakuchekea.

Kuna kitu hukuuliza ila umetaja Saxeten, na siwezi kukaa kimya. Tarehe 27 Julai 1999, korongoni humo humo, mvua ya radi ilipiga juu mlimani, maji yakashuka kama ukuta, watu 21 wakafa, vijana wageni 18 na waongozaji 3. Baada ya hapo Uswisi ilitunga sheria ya shughuli za hatari, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2014, na kampuni ya kanyoning inatakiwa iwe na kibali. Waulize wana kibali, watakuonyesha bila kununa. Sikwambii ili uogope, watu wengi wanashuka Saxeten kila kiangazi wanarudi wanacheka. Nakwambia ili siku hiyo mwongozaji akitazama mawingu akasema leo hatuingii, na hapo mlipo jua linawaka, usiwe miongoni mwa wanaomlalamikia kwamba wamelipa. Maji ya korongo hayatoki hapo uliposimama, yanatoka juu usipoona. Wakenya mnalijua hili kutoka Hell's Gate, mwaka 2012 na tena 2019, mafuriko ya ghafla ndani ya lile korongo yaliua watu. Ukisikia filimbi au ukaona maji yanabadilika rangi yanakuwa ya udongo, na vijiti na majani vinaanza kuja vingi, usiulize, fuata anakoelekeza, panda.

Hati: pasipoti na kibali chako cha kuishi Ujerumani, mnavuka mpaka. Kadi ya bima ya afya, ule upande wa nyuma ndo kadi ya Ulaya, ila kwa asiye raia wa Ulaya huenda Uswisi isipokelewe, kwa hiyo wapigie bima uwaulize kama inakufaa huko na kama uokoaji wa helikopta mlimani wanalipa au la, na kama hawalipi uliza bima ndogo ya safari.

Leo hii, usisubiri, waandikie kampuni ujumbe wa mistari minne: urefu wako na uzito wako wa kweli, usipunguze hata kilo mbili maana ndo wanachagulia suti, namba ya kiatu, kwamba unavaa miwani na kuogelea unajua kidogo, na kwamba unahitaji jaketi lenye kofia kwasababu unafunika kichwa. Ukipata majibu yao nitumie niyaone kabla hujaenda dukani kununua chochote.